Mbwa Hana Kipimo cha Pili

Katika makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, mgeni huonyeshwa habari za vyama viwili vya ngoma za Wasukuma, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba waasisi wake, Ngika na Gumha, walikuwa wachezaji na waganga walioshindana kwa dawa: ambaye dawa yake ilivuta watu wengi zaidi ndiye aliyeshinda. Mashindano ya dawa yapo hata leo ndani ya damu ya mifugo yetu. Lakini haya si ngoma, na anayeshindwa hufa.

Wafugaji wengi wa Usukuma wamehamisha ng'ombe wao mpaka Katavi, Rukwa na kwingineko ambako mbung'o angali yupo. Mbung'o huambukiza vimelea vya nagana. Ng'ombe aliyeambukizwa hupungukiwa damu, hukonda na kutupa mimba. Mbwa anayelifuata kundi huugua vikali zaidi: hushikwa na homa, macho yake hufunikwa na ukungu mweupe, na asipotibiwa aghalabu hufa katika majuma machache. Tena jamii moja ya vimelea hivi humwingia binadamu na kumletea malale.

Dawa tunazozitegemea ni za kale. Homidiamu ilitokea mwaka 1952, diminazini mwaka 1955, na isometamidiamu ikafuata baada ya miaka michache. Zimeokoa mali nyingi ya wananchi. Hata hivyo vimelea vilivyozoea dawa hizi vimekwisha kuonekana katika nchi nyingi za Afrika, na Tanzania ni mojawapo.

Usugu huanzaje? Mfugaji humkadiria mnyama kwa jicho, au hugawa unga wa ng'ombe mmoja kwa ng'ombe wawili ili abane matumizi. Vimelea dhaifu hufa, vyenye nguvu hubaki na kuzaliana. Katika jamii moja ya vimelea hivi wataalamu wameuona hata mlango ambao dawa huupitia kuingia ndani ya kimelea. Mlango huo ukiharibika, dawa hubaki nje. Kisha mbung'o hunyonya damu hiyo na kuwapelekea ng'ombe wa jirani vimelea sugu. Hivyo uchoyo wa mtu mmoja huwa msiba wa kijiji kizima.

Hapo ndipo yatupasa kumfikiria mbwa. Kipimo cha kawaida cha diminazini ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Ng'ombe wa kilo 250 hupewa miligramu 875, na ikishindikana bwana mifugo huweza kumwongezea kipimo maradufu. Mbwa wa kilo 20 hupewa miligramu 70 tu, na kumwongezea ni hatari, kwa maana dawa hii ikizidi humdhuru ubongo. Basi sisi tukivifundisha vimelea kuishinda dawa kwa kuwapunja ng'ombe, mlinzi wetu wa usiku ndiye wa kwanza kukosa njia ya kuponea.

Je, hakuna njia nyingine? Ipo, nayo ni kumpiga vita mbung'o mwenyewe. Katika miaka ya 1920 watu wa Shinyanga walifyeka vichaka kwa maelfu, wakamfukuza mbung'o katika nchi yao. Leo hatuwezi kuiangamiza misitu, lakini twaweza kutumia mitego ya vitambaa na kuogesha mifugo kwa dawa ya kuua wadudu. Ranchi ya Mkwaja, mkoani Tanga, iliitegemea sindano ya isometamidiamu kwa miaka mingi. Ilipoanza kuogesha ng'ombe kwa dawa hiyo, kuanzia mwaka 1989, mbung'o na maradhi yakapungua sana. Unguja nayo ilitangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997, baada ya kuachiwa mbung'o madume waliofanywa tasa.

Mambo haya hayafanywi na mtu mmoja. Ng'ombe wangu akiogeshwa na wako asiogeshwe, mbung'o atapata pa kula. Kwa hiyo, ndugu wafugaji, tuwapime wanyama wetu kwa uzito, tusigawe dawa ya mmoja kwa wawili, tumwite bwana mifugo kabla ya kushika sindano, na tuogeshe mifugo yetu pamoja. Mbwa huwalinda ng'ombe wetu usiku kucha bila kudai ujira. Tusimnyime dawa inayoponya.