Maoni ya Watumiaji na Lugha ya Viwango vya Barua Pepe: Mfano wa Mwanza

1.0 Utangulizi

Viwango vya uendeshaji wa barua pepe ni kanuni zinazomwelekeza mtoa huduma namna ya kupokea, kusafirisha na kulinda barua za wateja, na namna ya kushughulikia malalamiko yao. Tangu mwanzo, kanuni hizo zimejengwa kwa kuulizana. Hati ya kwanza ya mfululizo uliozaa viwango vya intaneti ilitolewa Aprili 1969, na mfululizo wenyewe ukapewa jina lenye maana ya "Ombi la Maoni". Hati Na. 821, iliyoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, iliweka utaratibu wa kupeleka barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Makala haya yanajadili sharti moja la kuomba maoni, nalo ni kwamba anayeombwa sharti aelewe anachoulizwa.

2.0 Watoa Maoni

Mwanza ina watumiaji wa kila aina: viwanda vya minofu ya sangara vinavyouza ng'ambo, wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, Hospitali ya Bugando, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichoko Nyegezi. Mfanyabiashara anayepokea maelekezo ya malipo kwa barua pepe anaweza kupoteza mtaji wake kwa barua moja ya kughushi. Kwa hiyo maoni yake yana uzito. Hata hivyo, kwa wakazi wengi wa mwambao huo lugha ya kwanza ni Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Kiswahili ni ya pili, na Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya viwango hivyo, ni ya tatu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania. Suala linalobaki ni Kiswahili cha namna gani kitumike katika rasimu za viwango.

3.0 Utata wa Maneno

Tuchukue mifano ifuatayo:

(1) Mtoa huduma atajibu malalamiko ya mteja.
(2) Ni lazima mtoa huduma ajibu malalamiko ya mteja.

Katika lugha ya sheria, kiambishi -ta- cha sentensi (1) huweka wajibu. Katika mazungumzo ya kawaida huonyesha wakati ujao tu, na msomaji aweza kukichukulia kama ahadi. Hati Na. 2119 ya mwaka 1997 ilitenganisha daraja tatu: jambo la lazima, jambo linaloshauriwa, na jambo la hiari. Rasimu ya Kiswahili haina budi kudumisha tofauti hiyo.

(3) Barua hii ina sahihi.
(4) Barua hii ni sahihi.

Katika (3) sahihi ni nomino. Katika (4) ni kivumishi. Sahihi ya kidijitali iliyoelezwa katika Hati Na. 6376 ya mwaka 2011 huthibitisha kikoa kilichoitia barua sahihi, na kwamba sehemu zilizotiwa sahihi hazikubadilishwa njiani. Haithibitishi ukweli wa maneno yaliyomo. Tapeli mwenye kikoa chake aweza kutuma barua yenye sahihi isiyo na kasoro. Hapa neno saini lafaa zaidi, maana halina maana ya pili ya usahihi.

Hali kadhalika, Hati Na. 2142 ya mwaka 1997 ilipendekeza anwani maalumu ya kupokea taarifa za matumizi mabaya. Neno la Kiingereza lililotumika hubeba pia maana ya matusi. Likifasiriwa "matusi", aliyetapeliwa kwa lugha ya adabu ataona kwamba anwani hiyo haimhusu.

4.0 Namna ya Kuuliza

Mtu akiulizwa "Je, unakubali?", jibu la "ndiyo" huenda likawa la heshima tu. Yafaa asomewe kifungu, kisha aulizwe: "Ukipata barua ya namna hii, utafanya nini? Mtoa huduma anawajibika kufanya nini?" Majibu yakipingana na kusudi la kifungu, kinachopaswa kurekebishwa kwanza ni kifungu chenyewe.

5.0 Hitimisho

Tafsiri ya rasimu haina budi kutangulia maoni, na istilahi zipimwe kwa watumiaji kabla ya kupitishwa. Mfanyabiashara wa Kirumba aliyeelewa "ina sahihi" kuwa "ni sahihi" atakuwa ameunga mkono kinga ambayo haipo, na hasara itakapotokea itakuwa yake.