Maji Yanaingilia Wapi?

*Namna ya kutafuta tundu katika gari ya zamani yenye paa la turubai*

Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi unafungua mlango wa gari yako, unaweka mguu ndani, na kumbe kiatu kinaingia majini. Neno la kwanza linalokuja kinywani ni lipi? "Nani aliacha turubai wazi?" Si vile? Mimi pia nilisema vile. Nilikosa, na kosa lile lilinifundisha mambo ambayo nataka wewe uyapate bila kulipa bei niliyolipa mimi.

Kosa langu

Huku kwetu Songo, mjini Uvira, tulikuwa na gari ya kanisa: Land Rover ya miaka ya 1970, ile ambayo paa lake ni turubai tu. Kijana mmoja alikuwa anaiosha na kuilinda. Msimu mmoja wa mvua, maji yalianza kuonekana kila asubuhi miguuni pa abiria. Nikamwambia yule kijana, "Wewe unaosha vibaya, unamwaga ndoo ndani." Akakana. Nikamwonya tena. Mwisho wa mwezi nikakata sehemu ya mshahara wake.

Halafu usiku mmoja wa mvua kali tulibeba mama mwenye uchungu wa kuzaa. Njiani taa zote zikazima mara moja. Maji yalikuwa yamefika kwenye nyaya, nyuma ya dashibodi. Yule kijana akashuka, akashika tochi, akatembea mbele yetu huku mvua ikimpiga, nasi tukamfuata polepole mpaka tukafika. Mama alizaa salama, asante kwa Mungu. Lakini mimi sikupata usingizi. Nilijiuliza: mtu anayeosha gari kwa ndoo anaweza namna gani kumwaga maji nyuma ya dashibodi, mahali ambapo hata mkono hauingii vizuri?

Kesho yake tulianza kutafuta, yeye na mimi pamoja. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, ijue gari yako

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa 4, mwaka 1948. Vita ilikuwa imekwisha karibuni, na kule Uingereza chuma kilikuwa kinagawanywa kwa kipimo. Kwa hiyo watengenezaji walitumia alumini kwa sehemu kubwa ya mwili wa gari. Lakini chasi ni chuma, na ule ukuta unaotenga injini na watu, ambao unashika dashibodi na kioo cha mbele, nao ni chuma. Basi usidanganyike na maneno ya watu kwamba "Land Rover haiozi." Alumini haipati kutu nyekundu, ni kweli, lakini pale inapogusana na chuma na maji yakikaa katikati, alumini ndiyo inayoliwa na kugeuka unga mweupe, na chuma kinachokaa na maji kinapata kutu. Mahali pa kuweka miguu ni kati ya sehemu za kwanza kutoboka.

Tena, gari hii ilitengenezwa ili ifunguliwe. Turubai linatoka. Kioo cha mbele kinalala juu ya boneti. Chini ya kioo kuna vifuniko viwili vya kuingiza hewa. Kila kinachofunguka kinahitaji mpira wa kuziba, na kila mpira unazeeka. Ni vilevile kwa gari nyingine za paa la kukunja, hata zile Volkswagen za mgongo wa kobe ambazo kiwanda cha Karmann kilizitengeneza tangu 1949 hadi 1980.

Pili, uliza ni maji gani

Usikimbilie turubai. Gusa yale maji kwa kidole, unuse. Maji ya mvua hayana utelezi. Kama yanateleza na yako karibu na pedali, labda ni mafuta ya breki au ya klachi, na hapo usiendeshe gari kabla fundi hajaiangalia. Kama yana rangi na harufu tamutamu, yanatoka katika maji ya kupoza injini. Usiyaonje hata kidogo, yana sumu; na uwaweke watoto mbali.

Halafu jiulize: maji yanakuja wakati gani? Kama gari ililala chini ya mvua bila kutembea na asubuhi imelowa, maji yametoka juu. Kama imelowa baada tu ya kupita katika madimbwi, yametoka chini: magurudumu yanayarusha, nayo yanapita kwenye matundu ya sakafu, kwenye mipira ya pedali, au kando ya kifuniko cha giaboksi. Ukijibu swali hili moja, umeshamaliza nusu ya kazi.

Tatu, maji hayasimami mahali yalipoingilia

Ninyi mnaosoma gazeti hili kule Kamituga au Misisi mnajua jambo hili kuliko mimi. Shimo likijaa maji, mchimbaji mwenye akili hasemi, "Maji yako hapa chini, basi yanatoka hapa chini." Anainua tochi, anaangalia ukuta unaong'aa, anafuata ule unyevu mpaka anakuta ufa.

Na gari ni vile. Tone linaingia juu kulia, linatembea kwenye ukingo wa bati, linashuka kwenye waya, linaanguka kushoto. Kwetu Uvira mji umekaa kati ya milima na ziwa, hakuna uwanja uliolala sawasawa. Tulipoegesha gari ikitazama ziwa, maji yalijaa mbele. Tulipoigeuza ikatazama mlima, maji yakaenda nyuma. Tundu lilikuwa lile lile moja! Kwa hiyo dimbwi linakuonyesha tu upande gani wa gari uko chini. Halikuonyeshi mlango wa maji.

Nne, kazi yenyewe

Chagua siku ya jua. Toa mazulia, viti na vyote vilivyo chini ya viti. Kausha kila mahali kwa kitambaa, uache gari wazi mpaka mchana. Usianze gari ikiwa bado ina unyevu, utajidanganya.

Sasa saga chaki ya shule, au chukua poda ya mtoto. Ipake kidogo kidogo ndani: chini ya kioo cha mbele, kwenye ukuta wa miguu, kando ya milango. Maji yakipita kwenye poda yanaacha mstari, na mstari hausemi uongo.

Mmoja aingie ndani na tochi, afunge milango. Mwingine abaki nje na bidoni ya maji au mpira wa bustani. Msimwage kwa nguvu. Mvua hainyeshi kama bomba la zimamoto. Ukisukuma maji kwa nguvu utayapitisha hata mahali pazuri. Anzeni chini, mpande polepole: kwanza chini ya mlango, halafu vifuniko vya hewa, halafu mpira kati ya kioo na ukuta, halafu kioo chenyewe, mwisho turubai. Kwa nini kuanzia chini? Kwa sababu ukianzia juu, maji yanateremka na kulowesha kila kitu, na hutajua ni wapi yameingia. Kila mahali ngojeni dakika 5 hadi 10. Haraka ndiyo inayoharibu kazi hii.

Sisi tulipofika kwenye kifuniko cha hewa cha upande wa kulia, yule kijana aliyekuwa ndani akapiga kelele, "Pasta, inaingia!" Mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Maji yalipita hapo, yakatembea nyuma ya dashibodi juu ya nyaya, yakashuka upande wa pili.

Tano, kuziba vizuri

*Mipira.* Ikiwa imekufa, badilisha. Ukikosa mpya, kata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, safisha bati vizuri, ukigandishe. Kitakusaidia kwa muda. Usipake mipira mafuta ya injini wala grisi. Vinailainisha na kuiharibu. Poda inatosha.

*Gundi za kuziba.* Silikoni ile inayonuka siki inakula chuma. Kwa kioo tafuta mastiki ya vioo vya gari. Na usipake juu ya kutu: kwangua kwanza, paka rangi, ngoja ikauke, ndipo uzibe.

*Turubai.* Turubai la pamba likilowa, nyuzi zake zinavimba na kujifunga zenyewe. Usilisugue kwa sabuni ya unga, maana sabuni inatoa dawa ya kuzuia maji. Mshono unaovuja uupake nta ya nyuki. Usilikunje likiwa bichi, litaota ukungu. Angalia pia pale linapolala juu ya vyuma: hapo ndipo linaposuguliwa na kutoboka. Na likiwa limelowa, waambie abiria wasiliguse kwa kichwa au kidole toka ndani, maana pale penye kidole patadondosha.

*Matundu ya kutolea maji.* Kuna matundu ambayo hayatakiwi kuzibwa. Chini ya milango ya gari nyingi yapo, na gari za paa la kukunja mara nyingi zina mifereji yake. Yakijaa matope, maji yanarudi ndani. Yazibue kwa kijiti laini. Nimeona watu wameziba yote kwa gundi, na mlango ukageuka mtungi.

Usingoje mwezi wa kumi

Kiangazi chetu huku ni kifupi. Mvua inarudi karibu na mwezi wa 9 au wa 10, na mvua ya Uvira tunaijua. Tarehe 16 hadi 17, mwezi wa 4, mwaka 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi na kuua watu. Siku kama ile gari inayowaka, yenye taa na breki nzima, inaweza kuokoa mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo wazee walivyosema. Kipande cha mpira ni kitu kidogo. Sakafu mpya, nyaya mpya na chasi mpya si kitu kidogo.

Unataka kujua mambo ya yule kijana? Nilimrudishia fedha yake yote. Na kwa kuwa nilimlaumu mbele ya watu, niliona si haki kumwomba radhi kwa siri nyuma ya nyumba. Nilisimama mbele ya wale wale waliosikia, nikasema, "Maji yaliingilia kwenye kifuniko. Mimi ndiye nilikosa." Yeye akacheka tu, akasema, "Pasta, ungeniuliza mapema, ningekuonyesha upande gari ililala."

Kwa hiyo, baba, mama, ndugu shofere: siku utakapokuta maji ndani ya gari, chukua chaki na tochi kabla ya kutaja jina la mtu.