Mzunguko Usiokoma: Jinsi ya Kuutambua na Kuurekebisha

Mtu anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hukutana mapema na jambo la kumshangaza. Ameandika mistari michache, ameisoma tena, kisha ameiamuru kompyuta iitekeleze. Mara kioo kinajaa tarakimu zilezile, mstari baada ya mstari, bila kikomo. Au pengine kioo kinabaki kitupu, chombo kinapata joto, wala jibu halitokei. Wengi hudhani kwamba kompyuta imeharibika. Ukweli ni kwamba kompyuta haina kosa lolote. Inaitii amri iliyopewa, na amri hiyo haina mwisho.

Katika jambo hili kompyuta hufanana na ngamia wa kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta. Mnyama huyo huzunguka akiwa amefungwa macho, wala hajui kama mafuta yamekwisha kukamuka. Ni mwenye kinu anayejua wakati wa kumsimamisha. Kwa kompyuta, mwenye kinu ni mwandishi wa programu.

Mzunguko ni nini?

Mzunguko ni fungu la maagizo yanayorudiwa maadamu sharti fulani ni kweli. Kabla ya kila duru kompyuta hulipima sharti hilo. Ikiliona ni kweli, hutekeleza maagizo. Ikiliona si kweli, huuacha mzunguko na kuendelea mbele. Tutazame programu ya kuandika namba kuanzia 1 hadi 10:

Weka 1 katika N.
Maadamu N haizidi 10, rudia haya:
    Andika N.
    Ongeza 1 katika N.

Herufi N ni jina la mahali katika kumbukumbu ya kompyuta panapohifadhiwa namba. Duru ya kumi inapokwisha, N huwa 11, sharti halitimii tena, na mzunguko hukoma. Sasa tuufute mstari wa mwisho. N itabaki 1 siku zote, sharti litakuwa kweli siku zote, na kompyuta itaandika 1 mpaka isimamishwe.

Kosa hilo huja kwa sura nyingi. Katika lugha ya Python, maagizo yaliyo ndani ya mzunguko hutambulikana kwa kusogezwa kidogo upande wa kulia. Mwanafunzi akisahau kuusogeza mstari wa mwisho, yeye anauona upo, lakini kwa kompyuta uko nje ya mzunguko, mahali pasipofikiwa kamwe.

Sura nyingine imejificha zaidi. Mwanafunzi anaanza na 0, anaongeza 0.1 kila duru, na kuagiza kwamba mzunguko uendelee maadamu jumla si sawa na 1. Hesabu ya shuleni inasema duru 10 zinatosha. Lakini kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kwa mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu, kama vile theluthi moja isivyoandikika kwa ukamilifu katika desimali zetu. Katika Python, baada ya duru 10 jumla huwa 0.9999999999999999. Duru inayofuata huivuka 1 bila kuigusa, na mzunguko huendelea. Dawa yake ni kuhesabu duru kwa namba nzima, kuanzia 1 hadi 10, na kuziacha desimali kwa kazi nyingine.

Kosa lililowapata mafundi

Asidhani mwanafunzi kwamba makosa haya ni ya wanaoanza tu. Tarehe 31 Desemba 2008, vyombo vya mfukoni vya kusikilizia muziki vya kampuni ya Microsoft, aina ya Zune yenye hifadhi ya gigabaiti 30, viliganda mikononi mwa wenyewe. Chanzo kilikuwa mzunguko mfupi wa kutafuta mwaka.

Chombo kilihesabu siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1980, kisha kikaondoa siku za mwaka mmoja mmoja. Sharti la mzunguko lilikuwa kwamba siku zilizobaki zizidi 365. Ukiwa mwaka wa kawaida, ziliondolewa siku 365. Ukiwa mwaka mrefu, ziliondolewa siku 366, ila tu kama zilizobaki zilizidi 366.

Mwaka 2008 ulikuwa mrefu, na siku yake ya mwisho ilikuwa ya 366. Namba hiyo inazidi 365, kwa hiyo mzunguko uliendelea. Lakini haizidi 366, kwa hiyo hakuna kilichoondolewa. Chombo kilirudi mwanzoni na namba ileile. Wenye vyombo waliambiwa waache betri ziishe, kisha waviwashe tena baada ya saa sita mchana, saa za Greenwich, tarehe 1 Januari 2009. Siku hiyo zilibaki siku 367, hesabu ikapita. Marekebisho yaliyohitajika ni agizo moja: zikibaki siku 366 katika mwaka mrefu, toka katika mzunguko.

Njia ya kurekebisha

Kwanza, simamisha programu. Katika Python hubonyezwa vitufe vya Ctrl na C kwa pamoja. Pili, chukua karatasi, uchore jedwali, uandike thamani ya kila namba baada ya kila duru, ukitenda kama kompyuta itendavyo. Kwa kawaida duru tatu au nne zinatosha kukuonyesha namba isiyosogea. Tatu, jiulize maswali haya: Sharti linategemea namba ipi? Je, kila duru inaisogeza namba hiyo kuelekea mwisho? Je, inafanya hivyo katika kila njia ambayo kompyuta inaweza kuipita ndani ya mzunguko? Swali la tatu ndilo lililosahauliwa katika Zune, kwani ilikuwapo njia moja isiyobadili chochote. Kwa sababu hiyo, jaribu programu yako hasa mipakani: namba ya kwanza, namba ya mwisho, na sifuri.

Wala mwanafunzi asingoje kutengenezewa mashine itakayomfanyia kazi hii yote. Kazi ya mwanahisabati Alan Turing ya mwaka 1936 ilifungua njia ya kuthibitisha kwamba hakuna kanuni moja inayoweza kuamua, kwa kila programu, kama itakoma au haitakoma. Hata hivyo, kwa programu iliyo mbele yako mara nyingi inawezekana kuhakikisha. Ukiweza kuonyesha namba nzima inayopungua kila duru, na mzunguko usioendelea namba hiyo ikifika sifuri au ikishuka chini yake, umethibitisha kwamba mzunguko wako utakoma. Namba hiyo itafute kabla hujaiamuru kompyuta ianze kazi.