Kuku wa Kienyeji na Adui Zake

Kuku aachiwaye huru kijijini hujitafutia wadudu, mbegu na majani, na kwa hiyo humgharimu mfugaji chakula kidogo. Hata hivyo, vifaranga wengi hunyakuliwa na mwewe, nguchiro au nyoka kabla hawajaweza kuruka. Kila kifaranga apoteaye ni mayai, kitoweo na pengine ada ya shule iliyopotea.

Maumbile hayakumwacha kuku bila kinga. Wataalamu waliochunguza sauti za kuku wamegundua kwamba jogoo, amwonapo ndege mwindaji angani, hutoa mlio mrefu mwembamba, na wenzake hukimbilia kichakani au hujikunyata. Akimwona mnyama ardhini, hutoa milio mifupi ya kurudiarudia, nao husimama wima wakiangaza huku na huku. Basi yafaa kuwe na migomba au vichaka vifupi malishoni, ili kuku wapate pa kujificha mwewe atokeapo. Lakini majani yaliyozunguka banda hayana budi kufyekwa, kwani humficha nguchiro.

Usiku kinga hiyo haitoshi. Jicho la kuku limeumbwa kwa mwanga wa mchana, na gizani huona hafifu mno. Huo ndio wakati ambapo fungo, kanu na kicheche hutoka kuwinda. Banda na liinuliwe juu ya nguzo kiasi cha mita 1, na kila nguzo ivishwe bati laini ili wanyama wapandao wakose pa kushika. Madirisha yawekwe wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 13, na mlango ufungwe mara kuku waingiapo magharibi. Vifaranga wadogo wafunikwe kwa tenga mchana, na mayai yaokotwe kila siku, kwani huwavuta nyoka na kenge.

Wako wafugaji wategao sumu. Sumu haichagui: huua mbwa, bundi na tai pia. Tena bundi na kicheche hula panya, ambao huharibu nafaka ghalani na hushambulia vifaranga.

Wanafunzi wenye mradi wa kuku shuleni waweza kuandika daftarini saa ya kila hasara na dalili zilizoonekana, kama vile nyayo, shimo chini ya ukuta au maganda ya mayai. Baada ya majuma machache daftari hilo litaonyesha ni adui yupi ajaye na apitia wapi, na hapo ndipo pa kuanza kutengeneza.