Kisanduku cha Intaneti Nacho Kina Daftari Lake



Vikundi vingi siku hizi vina kile kisanduku kidogo chenye antena, ruta, kinachogawa intaneti ofisini au katika duka la kikundi. Watu wamechanga, kimenunuliwa, na kila mwezi mhazini anatoa pesa ya kulipia laini. Mtandao ukipotea siku mbili, maneno yanaanza. Muuzaji wa intaneti anasema shida ni stima yenu. Wanachama wanasema kijana wa ofisi amechomoa waya achaji simu za watu kwa pesa. Kijana naye anaapa hajagusa kitu. Tumeona kikundi kikimfukuza kijana namna hiyo, bila ushahidi wowote, na mama yake ni mwanachama palepale. Hadi leo mama huyo haji mikutanoni.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kinajua yaliyotokea, ila kilikuwa kimeshasahau. Hapo ndipo pa kurekebisha, na kazi yenyewe ni ya asubuhi moja tu.

Ruta ni kompyuta kamili, ingawa ni ndogo. Nyingi zinatumia mfumo wa Linux. Kila jambo likitokea, inaandika mstari mmoja: saa, programu iliyosema, na neno lenyewe. Ni kama kile kitabu cha OB pale kituo cha polisi. Mtindo huu unaitwa syslog, na ulianzishwa miaka ya 1980 na Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipokuwa akitengeneza programu ya barua inayoitwa Sendmail. Kila mstari una uzito wake, kuanzia 0 (mfumo umekufa kabisa) hadi 7 (maneno madogo madogo ya mafundi). Kosa la kawaida ni 3, na onyo ni 4.

Shida ni mahali daftari hili linapowekwa. Ruta za bei nafuu hazina nafasi. Ile Linksys WRT54G, ambayo mradi wa OpenWrt ulianza nayo mwaka 2004, nyingi zilikuwa na hifadhi ya megabaiti 4 tu. Tena hifadhi hiyo huchakaa ikiandikwa na kufutwa mara nyingi. Kwa hiyo watengenezaji wanaliweka daftari katika RAM, na kwa kipimo kidogo. Katika OpenWrt kipimo hicho kwa miaka mingi kilikuwa kilobaiti 64. Likijaa, mistari ya zamani inafutwa ili mipya ipate nafasi. Na stima ikipotea, RAM yote inafutika. Yaani tukio lile lile mnalotaka kulijua ndilo linalochoma daftari!

Dawa ni kulitoa daftari nje ya kisanduku. Tafuteni laptopu kuukuu ambayo betri yake bado inashika hata saa moja. Betri ni muhimu, kwa sababu stima ikienda, laptopu inabaki macho na kuona ruta imenyamaza. Ikiwa ni ya Debian au Ubuntu, wekeni programu ya rsyslog, kisha katika faili yake ya /etc/rsyslog.conf mtoe alama ya # mbele ya mistari miwili inayotaja imudp. Mkiiwasha upya programu hiyo, laptopu itasikiliza katika mlango namba 514. Izuieni isilale yenyewe, na katika ruta iwekeeni anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50.

Upande wa ruta yenye OpenWrt, fundi ataandika hivi:

uci set system.@system[0].log_ip='192.168.1.50'
uci commit system
/etc/init.d/log restart

Asiyependa kuandika amri ataikuta nafasi hiyo katika ukurasa wa LuCI, sehemu ya System, kisha Logging. Papo hapo ipeni ruta jina. Kama mna mbili, moja iitwe ofisi na nyingine duka, maana zote zikiitwa OpenWrt hamtajua ni ipi iliyosema.

Vifaa vingine vidogo, kamera kwa mfano, vinatumia programu za BusyBox. Huko amri ni syslogd -R ikifuatwa na anwani ya laptopu. Lakini ongezeni na -L. Bila hiyo, kifaa kinatuma nje tu na chenyewe hakibaki na nakala.

Saa ndiyo inayowachanganya wengi. Ruta nyingi hazina betri ya saa. Stima ikirudi, inaamka ikidhani ni siku iliyopita, mpaka ipate intaneti na kuuliza saa sahihi. Kwa hiyo msishangae mkikuta mistari ya kwanza ina tarehe ya zamani. Siyo mtu aliyechezea. Eneo la saa liwe Africa/Nairobi, na pale panapotaka alama andikeni EAT-3. Ndiyo, ni alama ya kutoa, ingawa sisi tuko mbele kwa saa tatu. Wenye kompyuta waliamua kuhesabu kinyume, na tukiandika +3 tutakuwa nyuma saa sita.

Sasa kusoma. Mkiona mstari unaosema link is down kuhusu waya unaotoka kwa muuzaji, maana yake waya umetoka au kisanduku cha upande wa pili kimezimika, huku ruta yenu iko hai. Mkiona kimya, kisha mistari mingi ya kuamka inayoanza na Linux version, basi ruta ilizimika na kuwashwa. Kama na laptopu ilihamia kwenye betri saa hiyo hiyo, ni stima ya ofisi nzima. Kama laptopu haikuona shida yoyote ya stima, kuna uwezekano mtu alichomoa ruta peke yake, au adapta yake inakufa. Chunguzeni adapta kwanza kabla ya kumwita mtu. Pia ujumbe huu hutumwa bila kusubiri jibu, kama barua uliyompa kondakta wa matatu. Mmoja mmoja unaweza kupotea, kwa hiyo mstari mmoja kukosekana si ushahidi.

Kuna jambo hatuwezi kulipita. Daftari hili linaonyesha pia ni simu gani iliungana na mtandao na saa ngapi. Halionyeshi ujumbe wa mtu, lakini linaweza kuonyesha simu ya fulani ilikuwa ofisini saa nne usiku. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na kikundi hakiruhusiwi kuchezea habari za watu ovyo. Waambieni wanachama wote mkutanoni kwamba daftari lipo na ni la kazi gani. Watu wawili tu ndio walifungue, na mistari ya zamani ifutwe baada ya muda mtakaokubaliana. Mlango wa 514 nao ubaki wa ndani, usifunguliwe intaneti nzima, kwa sababu ujumbe huu unasafiri wazi bila kufungwa.

Mkimaliza, jaribuni mbele ya kamati. Katika ruta andikeni logger jaribio la kikundi, kisha tazameni kama maneno hayo yametokea katika faili ya /var/log/syslog ya laptopu. Halafu chomoeni ruta dakika mbili, mrudishe. Katibu aandike saa kwa kalamu, kisha mlinganishe na mtakachokikuta katika daftari.