Ua la Mbuyu, Uzuri Uchanuao Tukilala

Watu wa nchi za baridi huusifu sana mtufaha unapochanua. Matumba yake huwa ya rangi ya waridi, nayo yakifunguka huwa meupe. Nyuki huyazuru mchana, na washairi wa huko wameyafanya kuwa alama ya ujana na mapenzi. Lakini ukisafiri kwa barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, ukaufikia mji wa Kibaigwa wenye soko kubwa la mahindi, si mitufaha utakayoiona katika nchi hiyo, bali mibuyu. Mbuyu nao una ua lake, wala ua hilo halipungukiwi na uzuri. Ila tu, linapochanua sisi twajiandaa kulala.

UA LA USIKU MMOJA

Mvua za mwisho wa mwaka zinapokaribia, matumba ya mbuyu huning'inia kwenye vikonyo virefu, mviringo na ya kijani. Jua likizama, tumba hupasuka. Petali tano pana, nyeupe, hujikunja kwa nyuma na kuacha wazi kishada cha nyuzi laini, mamia kwa mamia, zilizobeba unga uitwao chavua. Kesho yake weupe ule hugeuka kuwa rangi ya kutu, kisha ua huanguka, na mbuzi wakalila.

Rangi hiyo ina sababu yake. Gizani wekundu haung'ai, lakini weupe huonekana. Tena ua hutoa harufu nzito ambayo kwa pua zetu si manukato. Kwa popo mla matunda, harufu hiyo ni mwaliko. Huja kunywa maji matamu yaliyomo ndani ya ua, akapakwa chavua kifuani na usoni, na akiruka kwenda mbuyu wa pili huipeleka huko. Komba na nondo wakubwa nao huyazuru maua hayo.

Kazi hiyo si ndogo. Mbuyu, kama ulivyo mtufaha, kwa kawaida hauzai vema kwa chavua yake wenyewe; huhitaji ya mti mwingine. Ndiyo maana wakulima wa matufaha hupanda aina mbalimbali karibu karibu. Mibuyu haikupandwa kwa mpango huo, na mara nyingi husimama mbalimbali. Bila mjumbe wa usiku, ua litaanguka bure na ubuyu hautapatikana.

MTI WA MIZIMU

Wazee wetu wengi waliuheshimu mbuyu kuwa makao ya mizimu na mahali pa matambiko. Hata leo wako akina mama wanaomwonya mtoto asipite chini yake usiku, kwa maana husikika mabawa yakipiga na sauti kama ya mtoto mchanga anayelia. Mabawa hayo huwa ya popo, na kilio kile huenda ni cha komba. Kumbe waliotutisha ndio waliokuwa wakitutafutia riziki!

Hata hivyo, tusiwacheke wazee. Heshima yao iliinusuru mibuyu mingi na shoka. Waingereza walipoanzisha mpango wao wa karanga mwaka 1947 katika Kongwa, ambayo leo ndiyo wilaya ya Kibaigwa, mibuyu iliyasumbua sana matrekta yao ya kung'olea miti. Mpango ule uliachwa mwaka 1951. Mibuyu ingali ikichanua.

WAJIBU WA NYUMBA

Mama wa nyumbani anaujua mbuyu kwa faida zake. Unga mweupe wa ubuyu una vitamini C kwa wingi, nao huburudisha ukikorogwa kwa maji. Majani machanga ni mboga, na mbegu hutoa mafuta. Vyote hivyo hupotea tunapokata mbuyu ili kupanua shamba, na ubuyu hupungua tunapowafukuza popo kwa moto na mawe ati kwa kuwa ni ndege wa wachawi. Popo si ndege, wala si mchawi. Tumwache afanye kazi yake. Ila watoto wafundishwe wasimshike, wala wasile tunda lililoumwa naye.

Wahenga walisema, hata mbuyu ulianza kama mchicha. Mche ulioota kando ya shamba uwekewe miiba, mbuzi wasiufikie. Huenda aliyeuzungushia miiba hiyo asiyaone maua yake, lakini wanawe watayaona.

Na msimu wa maua ukifika, baba na mama, wachukueni watoto magharibi mkasimame karibu na mbuyu. Kaeni kimya, mtazame tumba likifunguka. Mtoto aliyeuona mbuyu ukichanua hatauogopa tena, na akikua hatakuwa mwepesi wa kuukata.