Beringi Haiingizwi kwa Nyundo

Huko Osiri, katika nchi ya dhahabu ya Migori, ngurumo ya injini husikika tangu alfajiri. Ziko injini zinazozungusha mashine za kusaga mawe yenye dhahabu, ziko za vinu vya unga, na pikipiki za wachukuzi ni nyingi mno. Injini moja ikisimama, hasara si ya mwenyewe peke yake. Wachimbaji hukaa na mawe yao yasiyosagwa, na mama aliyekuja na debe la mahindi hurudi nalo kichwani kama alivyokuja.

Mara nyingi kilichosimamisha kazi ni kitu kidogo, nacho ni beringi au bushi iliyokwisha, kwa kuwa vumbi la mawe likipenya ndani hula chuma kama msasa. Mwenye mashine hununua beringi mpya, lakini karakana yenye mashine ya kushindilia iko mbali. Basi huchukua nyundo. Beringi huingia kwa kelele, injini huwashwa, watu hushangilia. Na baada ya siku chache beringi huanza kulia tena. Hapo lawama zote hutupiwa mwenye duka, ya kuwa ameuza mali bandia. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi aliyeiua beringi ile ni nyundo.

KWA NINI HUKAZA

Vipande hivi hutengenezwa makusudi ili vikaze. Shafti huwa nene kidogo kuliko tundu linaloivaa. Kwa beringi yenye tundu la milimita 40, tofauti hiyo yaweza kuwa sehemu moja au mbili tu za mia ya milimita, yaani pungufu ya nusu ya unene wa unywele. Lakini kidogo hicho ndicho kinachoshika. Kisingekuwapo, pete ya ndani ingeteleza na kuikwangua shafti.

Sasa mtu akipiga pete ya nje ili pete ya ndani ipande shafti, nguvu yote hupita katika gololi, nazo huacha vishimo vidogo katika njia yake. Tena chuma cha beringi ni kigumu, lakini huvunjika kama chungu, na kibanzi kimoja chaweza kupofusha jicho. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: beringi ikivishwa shafti, isukumwe pete ya ndani, ikitiwa katika nyumba yake, isukumwe pete ya nje.

Kabla ya kununua, yafaa kusoma namba iliyochorwa juu ya beringi ya zamani. Katika namba za kawaida kama 6205 au 6308, tarakimu mbili za mwisho zikiwa 04 au zaidi, huzidishwa kwa 5 ili kupata upana wa tundu. Basi 6308 ina tundu la milimita 40, na 6205 la milimita 25.

MAJI YA MOTO NI FUNDI

Chuma kikipata moto hukua. Mama anayemwagia maji ya moto kifuniko cha chupa kilichokaza huijua elimu hii, na mafundi wa magari ya farasi huko Ulaya waliitumia kuyavisha magurudumu ya mbao pete za chuma. Beringi ya milimita 40 ikitolewa katika joto la digrii 25 hadi 95, tundu lake hupanuka kupita sehemu tatu za mia ya milimita. Hizo zatosha.

Hatari ni kuzidisha, kwani beringi haipaswi kupita digrii 120 hivi. Ikichomwa kwa moto wa wazi mpaka ikageuka rangi kuwa ya samawati, ugumu wake umekwisha kupotea. Njia ya salama ni kutia mafuta safi ya injini katika mkebe, kuitumbukiza beringi ikining'inia kwa waya, kisha kuuweka mkebe ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Katika nchi hii iliyo juu ya Ziwa Victoria, maji huchemka karibu na digrii 96, wala hayapiti hapo. Basi beringi haiwezi kuungua. Maji yasiingie katika mkebe.

Shafti na isafishwe kwanza, na mikwaruzo ilainishwe. Baada ya nusu saa beringi hutolewa kwa kitambaa kinene kikavu na kusukumwa mara moja mpaka mwisho, kisha hushikwa hapo hadi ishike. Beringi iliyofunikwa pande zote isitiwe katika mafuta, kwa sababu ina grisi yake ndani.

BARAFU NA BOLTI

Bushi ya mkono wa pistoni hutaka kinyume chake. Huwekwa katika barafu iliyochanganywa na chumvi, na barafu hupatikana kwa wachuuzi wa samaki kandoni mwa ziwa. Ikisinyaa, hupanguswa upesi na kuvutwa ndani kwa bolti ndefu, washa nene na nati. Nati hukazwa polepole, na bushi huingia ikiwa imenyoka. Tundu la mafuta la bushi lielekee tundu la mkono, la sivyo pini itakauka na kushikana. Bushi iliyokwisha kuingia hubanwa ikapungua ndani, kwa hiyo pini ijaribiwe kabla ya kufunga injini.

YALIYO YA KARAKANA

Yako mambo yasiyo ya nyumbani. Ekseli ya injini ya pikipiki, ambayo vipande vyake vimeshindiliwa pamoja, ipelekwe kwa fundi mwenye mashine na vipimo. Vivyo hivyo shafti iliyoliwa: kuigongagonga kwa patasi au kuizungushia kipande cha bati ni kuahirisha msiba tu. Dawa yake ni kujazwa chuma na kukerezwa upya.

Mengine yote yamo katika uwezo wa mtu mwenye sufuria, bolti na saa moja ya subira. Nyundo ina kazi nyingi za heshima, lakini hii si mojawapo.